Uvungu wa nyumba umekaguliwa, shida zimeonekana: uanzie wapi?

Watu wengi Mombasa hawajui kama nyumba yao ina uvungu mpaka siku ya kuuza ama kununua, akaja mkaguzi akapiga magoti na tochi, akatoka suruali imechafuka na karatasi imejaa maneno. Nikisema uvungu namaanisha ile nafasi iliyoko kati ya udongo na sakafu, si beisimenti ya kusimama, ni pa kutambaa. Nyumba nyingi za huku slabu imelala juu ya kifusi moja kwa moja, hazina hiyo nafasi. Lakini nenda Tudor kule kunakoteremkia kriki, ama Mtwapa ukingoni, utaona slabu imeinuliwa kwa nguzo upande mmoja na chini pamebaki wazi, na zile bangalo za zamani za sakafu ya mbao nazo utazikuta zimepandishwa juu kidogo ili upepo upite.

Mimi si injinia, niseme mapema. Ni mtu wa kusindikiza wanunuzi kukagua nyumba, na malalamiko ninayoskia kila masika ni yale yale. Ripoti huja na orodha ndefu, unyevu, mchwa, kutu, nyufa, mnunuzi akiisoma anataka kukimbia na muuzaji naye anakimbilia fundi wa rangi. Wote wanaharakisha. Karibu kila kinachoharibika chini ya nyumba hapa kwetu kimeanza na maji, na ukijua maji yanatoka wapi nusu ya ile orodha inajifuta yenyewe, usipojua utanunua dawa ya mchwa leo, rangi ya kuzuia unyevu kesho, na masika ijayo uko pale pale. Kwa hivyo nimepanga kwa dalili, kile unachokiona ama kukinusa, alafu sababu kuanzia ile ninayokutana nayo sana mpaka ile ya nadra.

Kabla hujaingia

Mtaka cha mvunguni huinama, sawa, lakini asiiname kichwa kichwa.

Kama kuna maji chini ama waya unaning'inia, zima meni swichi kwanza. Usiingie peke yako, mtu abaki nje mlangoni mnasemezana. Vaa suruali ndefu, gambuti, glavu na maski. Mulika tochi pembe zote, gongagonga kwa fimbo ndefu kisha ungoje dakika kadhaa, manake swila anapenda pahali pa giza penye panya. Ukimwona toka polepole, usijifanye shujaa na rungu, tafuta mtu anayejua kushika nyoka ama wapigie KWS, wale wa shirika la wanyamapori. Akikutemea machoni osha kwa maji mengi na uende hospitali hapo hapo, na akikuuma usifunge kamba wala usichanje, tulia na upelekwe hospitali.

Mambo mawili yanamaliza safari kabla haijaanza. La kwanza ni harufu kali ya choo: hapo usiingie kabisa, wala usiwashe kiberiti ama sigara karibu. Gesi ya shimo la choo inaua, na ubaya wake ile harufu ya mayai viza ikizidi pua inakufa ganzi, unadhani imeisha kumbe ndio iko nyingi. La pili ni nguzo iliyoinama ama slabu iliyobonyea. Hapo piga picha ukiwa nje, mwite injinia.

Kama pako salama beba tochi, bisibisi bapa, nyundo ndogo, chaki na simu ya picha. Hivyo vinatosha kwa mambo mengi sana.

Dalili: maji yametuama ama udongo umelowa

Hii ndio mama yao, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza, na ni ya kwanza kwa mbali, ni maji ya mvua kutoka juu. Gata limeziba majani ya mwarobaini, ama bomba lake linamwaga maji pale pale mguuni mwa ukuta, ama mtu alimwaga simiti kwenye ua akaacha mteremko unaelekea nyumba badala ya kuipa mgongo. Kuangalia ni rahisi, chukua ndoo mbili za maji umwage kwenye ua futi moja kutoka ukutani uone yanakimbilia wapi. Ardhi inatakiwa ishuke kama 5cm kwa kila mita, kwa zile mita 2 ama 3 za mwanzo. Kurekebisha ni gata, bomba refu, na kuchimbua ule ua. Si kazi ya kutisha.

Ya pili ni tanki la juu. Sote tunajua maji ya mfereji huku yanakuja siku yanazotaka, na mara nyingi ni usiku. Sasa lile boya la tanki likiwa limekufa, maji yanafurika saa tisa za usiku kila mtu amelala, yanateremka ukutani yanaingia chini, asubuhi jua limekausha ukuta lakini uvungu umelowa. Nimeona watu wamevunja bafu zima wakitafuta bomba linalovuja na shida ilikuwa boya. Ukiskia maji yanakuja, amka uende nje usikilize.

Ya tatu ni mpira wa AC. Kuna nyumba moja Tudor, ripoti iliandika "unyevu mkubwa chini ya vyumba vya kulala, inashukiwa maji ya ardhini", na mnunuzi alishaanza kuulizia bei ya pampu. Nikaingia, dalali amebaki nje na viatu vyake vyeupe akinihakikishia eti hilo ni jasho la nyumba tu. Nikatambaa mpaka chini ya chumba cha pili. Udongo wote ulikuwa mkavu wa kijivu isipokuwa duara moja jeusi upana wa sinia, na katikati yake kishimo kidogo kama cha kidole, kimechimbwa na tone. Nikalala chali nikamulika juu, mpira mweupe umepitishwa kwenye tundu la ukuta ukaachwa hapo hapo, na kila baada ya sekunde mbili tatu, top. AC ikikesha kwenye joto la Machi ndoo nzima inaweza kujaa, na hapo zilikuwa AC tatu. Dawa yake ilikuwa mpira mrefu zaidi na bana za ukutani, maji yakaelekezwa kwenye migomba.

Ya nne ni bomba la maji safi linalovuja. Njia ya kawaida ya kuangalia mita haisaidii sana hapa manake mita inazunguka siku maji yakija tu. Fanya hivi: usiku jaza tanki, funga maji yanayoingia, pima kina kwa kijiti ukitie alama ya chaki, mtu asitumie maji mpaka asubuhi. Yakishuka kuna pahali yanatoka. Rudia usiku wa pili ukiwa umefunga vile vivalvu vidogo vya kila choo, yasiposhuka basi mwizi ni sistani, lile tanki dogo la choo, na si bomba la chini. Alafu ikiwa uvungu unalowa siku zile tu maji ya kaunti yamekuja na tanki halijafurika, angalia ule mstari wa kutoka kwa mita kuingia kwa tanki. Nyumba za maji ya kisima yale ya chumvi, mabomba ya chuma huoza kutoka ndani, usizibe tundu moja moja, badilisha mstari uweke plastiki ukaishi kwa amani.

Ya tano ni maji machafu, bomba la choo limepasuka ama shimo limejaa linarudisha. Mimina rangi ya keki ya kutosha kwenye choo, vuta maji mara kadhaa, kesho yake mtu achungulie kutoka mlangoni na tochi. Ukiona nyekundu ama kijani umepata jibu, na hapo kazi ya kutambaa imekwisha kwako, ita gari la kunyonya na fundi wa mabomba. Kama pana kisima ndani ya ua usinywe hayo maji kwanza, yapimwe.

Ya mwisho, na hii ni nadra, ni maji ya ardhini yenyewe. Nyumba za ukingoni mwa kriki huwa nayo. Dalili yake haidanganyi: yanapanda siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanashuka maji yakiwa mafu. Andika tarehe kwenye kalenda mwezi mmoja tu utaona. Hapo hakuna fundi wa mtaa atakayekutoa, mtafute injinia, na usikubali mtu achimbe mtaro mrefu kandokando ya msingi kushuka chini ya kina cha msingi wenyewe, hapo unaondolea nyumba miguu.

Chanzo kikishapatikana na pakakauka ndio unatandika karatasi ya polithini nzito, ile geji 1000, kwenye udongo wote, vipande vipitane kama 30cm, vibandikwe. Ukitandika kabla hujaziba chanzo umetengeneza bwawa.

Dalili: harufu ya unyevu inapanda ndani, nguo kabatini zina ukungu

Kwanza matundu ya hewa. Nyumba yenye uvungu ilijengwa na matundu pande mbili ili kusi na kaskazi zipite chini, kisha akaja mtu akajenga baraza jipya upande mmoja akayaziba, na upande wa pili amepanda maua. Zunguka nyumba uhesabu matundu, mulika kila moja ndani. Wavu uliojaa vumbi ni sawa na umezibwa. Fungua, weka wavu mpya wa chuma, ungoje wiki mbili tatu kabla hujafanya jengine lolote.

Pili ni maji ya ile dalili ya juu, rudi huko.

Tatu ni AC tena, lakini kwa njia nyengine. Chumba kikiwekwa nyuzi 18 usiku kucha sakafu inakuwa baridi, na hewa ya pwani iliyojaa mvuke inapita chini inagusa sakafu ile inatoa jasho, kama vile chupa ya soda baridi mezani. Kwenye majimbo ya kusini ya Marekani yenye joto la mvuke kama letu wameliona sana jambo hili, na wengi siku hizi wanaziba uvungu kabisa na kuweka mashine ya kukausha hewa badala ya kuacha matundu wazi. Hapa kwetu sikushauri uanze na hilo, ni gharama, na stima ikipotea siku mbili umebaki na chungu kilichofunikwa. Jaribu kwanza 24 ama 25 na feni.

Kutofautisha unyevu wa kutoka chini na jasho, bandika kipande cha plastiki mraba wa nusu mita kwenye sakafu tupu, ziba kingo zote kwa selotepu, acha siku nzima. Matone yakiwa upande wa chini wa plastiki, unyevu unatoka kwenye sakafu. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba.

Ukungu mdogo unafutwa kwa sabuni na maji, vaa maski na glavu. Usichanganye jiki na dawa nyengine ya choo hata siku moja, gesi yake inachoma mapafu. Ukungu umefunika ukuta mzima ama kuna mtu wa pumu ndani, hamisha huyo mtu na utafute watu wa kazi hiyo.

Dalili: sakafu ya mbao inadunda, bisibisi inazama

Chukua bisibisi ukandamize kwenye mihimili, hasa ncha zake zinapoingia ukutani. Mbao nzima inakataa. Ikizama kama kwenye mkate kuna kitu, na vitu ni vitatu.

Kinachotokea sana ni mchwa. Tafuta vile vijia vya udongo unene wa penseli vikipanda nguzoni, na mbawa za kumbikumbi zilizomwagika karibu na dirisha baada ya mvua ya kwanza. Mbao iliyoliwa na mchwa ukiigonga inalia tupu, juu ni ganda tu na ndani mmejaa udongo. Vunja kipande cha kijia katikati, tia alama ya chaki, rudi baada ya siku nne tano. Wakiwa wamekiziba tena wako kazini. Wakiwa hawajakiziba bado usifurahi sana, wakati mwengine wamehama njia tu.

Na hapa watu hukosea: wanapulizia dawa kwenye mbao wanayoiona na kuacha karamu iliyowaita. Wajenzi wetu wana tabia mbaya ya kuacha mbao za kumiminia zege chini ya nyumba, vipande vya boriti, makaratasi ya simiti, hata kigogo cha mnazi uliokatwa kupisha nyumba. Toa vyote nje kwanza. Mbao yoyote ya nyumba isigusane na udongo. Kisha ndio dawa, na dawa inaingia ardhini kuzunguka msingi na kila nguzo, kazi ya mtu mwenye leseni ya PCPB, ile bodi ya dawa za wadudu, si kijana na mtungi mgongoni ambaye hawezi kukwambia jina la dawa. Kama una kisima mwambie kabla hajachanganya chochote.

Cha pili ni kuoza. Mbao inakuwa nyeusi ama kahawia, inakatika vipande vya mraba mraba, inanuka uyoga, hakuna udongo ndani. Kuoza kunataka unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ndani ya mbao, kwa hivyo ukikausha chini kunasimama, ila kilichoondoka hakirudi. Kata iliyoharibika mpaka kwenye mbao nzima, bandika mpya iliyotiwa dawa.

Cha tatu ni bungua, matundu madogo ya duara na unga laini chini yake kama wa sembe. Chekecha ule unga, fagia, rudi baada ya mwezi. Hakuna unga mpya, ni makaburi ya zamani, wachana nayo.

Simama uite injinia ama fundi seremala mkubwa kama zaidi ya muhimili mmoja umeoza jirani kwa jirani, ama ncha imeachana na ukuta. Na tafadhali usiinue sakafu kwa jeki ya gari. Nimemwona mtu akijaribu, sakafu ilipanda kweli, na tailisi za jikoni zikapasuka zote kwa mpigo mmoja, bibi mwenye nyumba akatoka nje bila viatu akidhani ni tetemeko.

Dalili: zege la juu limevimba, linabanduka, nondo zinaonekana nyekundu

Hii ndio ripoti za Mombasa zinaficha kwa maneno matamu, "dosari ndogo za zege". Ukiwa chini ya slabu mulika juu. Mistari ya kahawia iliyonyooka, vipande vilivyodondoka chini kama vigae, nondo imevaa magamba.

Inatokea hivi: chumvi inafika kwenye chuma, chuma kinaota kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kwa hivyo inasukuma zege mpaka linapasuka. Chumvi inatoka wapi? Mara nyingi ni kwamba nondo ilifunikwa na zege jembamba mno, hewa ya bahari haikuwa na safari ndefu. Pwani mainjinia hutaka 40mm ama zaidi, na mimi nimepima pahali nikakuta pungufu ya kidole. Baadaye kuna bafu ama choo kinachovuja juu yake. Na mbaya kuliko zote ni chumvi iliyochanganywa humo tangu siku ya kwanza, mchanga wa ufuoni usiooshwa ama maji ya kisima cha chumvi. Hiyo haitibiki, unaipunguza makali tu.

Chukua nyundo ndogo, gonga slabu yote hatua kwa hatua ukivaa miwani, usisimame chini ya kipande unachokigonga. Zege zima linalia ting. Lililoachana linalia kama debe. Zungushia chaki kila panapolia debe, piga picha. Ukiona viduara vitatu vinne vidogo ni habari moja, ukiona nusu ya slabu imekuwa michoro ya chaki ni habari nyengine kabisa.

Marekebisho ya kweli ni kuchimba zege bovu mpaka nyuma ya nondo, si mpaka kwenye nondo, kusugua chuma mpaka king'ae, kupaka kinga na kujaza kwa mota maalum ya kukarabati. Kupiga plasta ya simiti juu yake na rangi ni kumvisha maiti koti, mwaka mmoja inadondoka tena. Na hata ukarabati mzuri, kama chumvi imejaa slabu nzima, kutu huhamia pembeni mwa kiraka, kwa hivyo mwulize injinia kabla hujalipa viraka ishirini.

Hapa mstari wa kusimama uko wazi: nondo iliyokonda mpaka macho yanaona, nondo iliyokatika, slabu iliyobonyea, ama kutu kwenye nguzo na mihimili yenyewe. Mwite injinia aliyesajiliwa na EBK, bodi ya mainjinia, apime, na mpaka aje usiweke tanki, jenereta wala karamu ya harusi juu ya hiyo sakafu. Fundi akikwambia "hii nimefanya nyingi" mwambie vizuri sana, aje na injinia.

Dalili: unga mweupe na plasta inamenyeka sehemu ya chini ya ukuta

Kwanza jua kama ni chumvi ama ukungu. Nyunyizia maji, chumvi inayeyuka. Tone la jiki, ukungu unapoteza rangi.

Chumvi ikiwa kwenye mstari ulionyooka, kutoka chini mpaka kiunoni hivi, ni maji yanapanda kutoka msingini kwa sababu DPC, ile karatasi ya kuzuia unyevu inayolazwa kati ya msingi na ukuta, haipo ama imerukwa. Imerukwa ndio nyingi: mtu amepandisha udongo, maua ama ua wa simiti juu ya ule mstari wa DPC. Chimba ushushe ardhi iwe chini ya mstari kwa 15cm, umemaliza kwa nguvu ya jembe. Doa likiwa juu zaidi ama la pahali pamoja, tafuta bomba.

Nyumba za mawe ya matumbawe zile za kale, Mji wa Kale na kwengineko, hazina DPC na zimesimama. Zilipigwa chokaa, na chokaa inapumua, unyevu unaingia unatoka. Shida ilianza tulipoanza kuzipiga simiti na rangi ya mafuta, maji yamekosa mlango, yanapanda juu zaidi na kula ncha za boriti. Dawa ni kubandua simiti, kuacha ukuta ukauke taratibu, kurudisha chokaa. Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, kabla ya kubandua ongea na watu wa Makumbusho. Chumvi ifagie kavu kwa brashi, usiioshe, ukiiosha inarudi ndani ya ukuta.

Dalili: nyufa, milango inakwama, nguzo imezama

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta, nyingi ni plasta yenyewe. Unaoingiza sarafu, chora mstari wa penseli kukata ufa, andika upana na tarehe kwenye ncha zote mbili, angalia kila wiki mpaka mvua ipite. Haukui, ziba.

Unaokua, tafuta maji kwanza, shimo la choo lililochimbwa karibu na msingi, gata, bomba. Alafu mizizi ya miti. Alafu kifusi ambacho hakikushindiliwa, hasa kule mteremkoni ambako nusu ya nyumba imekaa kwenye jiwe na nusu kwenye udongo wa kujaza. Ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya mawe, mpana juu kuliko chini, ama wa zaidi ya 5mm, huo si wa kuziba na pati, ni wa injinia. Ukiskia nyumba inatoa milio na milango iliyokuwa inafunga jana leo imegoma, toa watu nje kwanza, maswali baadaye.

Vinyesi, viota, nyaya

Panya ndio wengi. Mkojo wao huleta homa ya panya, kwa hivyo usifagie kavu, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu ungoje ndio ukusanye kwa glavu. Ziba matundu yote, hata yale yanayopita penseli tu. Popo wakiwa wengi, vinyesi vyao vikirundikana kavu usivitimue, vumbi lake linaumiza mapafu, na usiwafungie ndani.

Nyaya zilizotafunwa, viungio vilivyofungwa kwa nailoni, swichi yenye kutu ya kijani: usiguse hata kama stima imezimwa. Fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, basi.

Ukisharudi juu na ripoti mkononi

Gawanya orodha mara tatu: ya kurekebisha muuzaji kabla hujalipa, ya kupunguza bei, na ya kukufanya uondoke. Gata na mpira wa AC hazistahili ugomvi. Mchwa hai na choo kinachovuja, vimalizwe kabla ya pesa kutoka. Slabu ya chumvi, mimi ningeomba maoni ya injinia kwa maandishi na bei ya ukarabati kwenye karatasi, kisha ndio tuongee bei ya nyumba.

Ukikuta uvungu umepakwa rangi mpya, umefagiwa, una polithini inayong'aa na muuzaji anakuharakisha, omba kurudi baada ya mvua kubwa. Ununuzi wa Februari ni mtamu kwa sababu kila kitu kimekauka. Kama huwezi kungoja Aprili, tafuta alama za maji ya zamani kwenye nguzo, mstari wa tope haufutiki wote, na inua pembe moja ya ile polithini uone kilicho chini yake.

Na kama ni nyumba bila ardhi, ile tunayoijua wenyewe Mombasa, kumbuka unayenunua kwake nyumba siye mwenye shamba. Kuchimba DPC, kubadilisha msingi ama kuweka nguzo mpya za zege kunaweza kukataliwa na mwenye ardhi hata kama nyumba ni yako. Muulize kabla hujamwita fundi, na jibu lake liandikwe.